Jinsi kwaya yetu ilivyoimba Gloria ya Vivaldi kwa solfa

Niliambiwa na watu wanaoujua muziki kwamba solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa majina do, re, mi, inatosha kwa nyimbo za kawaida za ibada tu, na kwamba kwaya ya parokia isiyosoma nota za mistari isithubutu kugusa Gloria ya mtunzi Vivaldi, ile ya D meja yenye namba RV 589 katika orodha ya kazi zake. Mkesha wa Noeli tuliiimba yote, sehemu 12, na kila mwanakwaya alishika karatasi ya solfa.

Ushauri uliotupotezea muda kuliko wote ulikuwa wa kuwagawia wanakwaya rekodi kwenye simu ili kila mmoja ajifunze kwa kusikiliza. Soprano walishika upesi, kwa kuwa sauti yao ndiyo inayoelea juu, lakini alto na teno walirudi mazoezini wakiimba soprano. Tena rekodi yenyewe ilikuwa ya ala za kale, ambazo nota yake ya A huwekwa kwenye mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440, hivyo muziki wote ulikuwa chini kwa karibu nusu toni, na mpiga kinanda alipojaribu kuufuata yalitoka makelele matupu mpaka tulipokishusha kinanda kwa kitufe chake.

Nikaamua kuandika solfa mwenyewe. Vivaldi alifariki mwaka 1741, hivyo utunzi wake hauna tena hakimiliki, nakala za bure zinapatikana mtandaoni, na gharama ilikuwa fedha ya kutoa kopi tu. Sehemu ya kwanza haikunisumbua. Kazi ilikuwa katika “Et in terra pax”, inayoanza kwa B maina na kuhama ufunguo mara kwa mara, huku sauti zikigongana kwa makusudi kabla ya kutulia. Pale do inapohama niliandika nota moja kwa majina mawili, la zamani likiwa dogo na jipya likiwa kubwa: kwa mfano, B ambayo ni “la” katika do ya D inageuka kuwa “re” katika do ya A. Mwimbaji anaimba sauti ileile, anabadilisha jina, kisha anaendelea bila hofu. Besi wetu, ambao hakuna aliyewatarajia, ndio waliopita hapo wakiwa imara kuliko wote.

Waimbaji wa pekee, yaani wanaoimba peke yao bila kwaya, ni wanawake tu, soprano wawili na alto mmoja, kwa hiyo msipoteze muda kutafuta teno bingwa. Obo, ala ya kupuliza inayohitajika katika sehemu ya “Domine Deus”, hatukuwa nayo, na fidla iliimudu vizuri sana.

Fuga ya mwisho, yaani sehemu ambayo sauti huingia moja baada ya nyingine zikiiga wimbo uleule, ni “Cum Sancto Spiritu”, ambayo Vivaldi aliitengeneza kutokana na kazi ya mtunzi mwingine, Giovanni Maria Ruggieri; tuliiimba kwa majina ya solfa pekee, polepole, bila kinanda, mpaka kila sauti ikaweza kuingia bila kuoneshwa na mwalimu; Kilatini kilikuja baadaye kabisa.