Nilifeli NCLEX nikiwa mkunga mzoefu, na hivi ndivyo nilivyoipita

Nilizalisha akina mama kwa zaidi ya miaka kumi magharibi mwa Kenya kabla sijakanyaga Minnesota. Nimepokea watoto waliotanguliza makalio, nimezuia damu ya uzazi stima ikiwa imepotea, na usiku mwingi nilikuwa nesi peke yangu wadi nzima. Halafu nikafeli mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa, kabla na baada ya kufeli, ulikuwa mbovu, na najua bado unagawiwa bure kwa wengine.

Wa kwanza ulikuwa huu: "Dada, wewe ni nesi tayari, ingia ufanye tu." Walionipa walinipenda, na wengine walikuwa manesi. Lakini NCLEX haiulizi umefanya kazi miaka mingapi. Inakuweka katika hospitali isiyokosa glovu, oksijeni wala damu, yenye wafanyakazi wa kutosha, kisha inauliza utafanya nini kwanza. Mimi nilizoea kuuliza kwanza nina nini mkononi, na uzoefu huo hauna kisanduku cha kujazia kwenye skrini.

Wa pili ndio ulioniumiza zaidi. Mtihani huu una maswali kati ya 85 na 150, na watu wetu wanaamini kwamba kompyuta ikizima mapema umepita, ikiendelea umeanguka. Yangu ilizima mapema. Nilitoka nikimpigia mume wangu simu, na kabla sijafika nyumbani habari zilikuwa zimefika Kenya. Jioni ile pilau lilipikwa, shemeji akaja na soda, mama akaombewa na majirani zake huko kijijini kwa sababu bintiye amekuwa nesi wa Marekani. Matokeo ya awali hutoka baada ya siku mbili za kazi ukilipa dola chache. Nililipa nikiwa kwenye basi, nikasoma kwamba nimefeli, na simu bado zilikuwa zinaingia za hongera.

Kwa hiyo nieleze jinsi mashine inavyofanya kazi, maana mtu angeniambia mapema pilau lile lisingepikwa. Ukijibu vizuri inakuletea swali gumu zaidi, ukikosa inashuka kidogo, na muda wote inakadiria uwezo wako uko wapi ukilinganisha na kiwango cha kupita. Ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango au chini yake, inasimama. Juu au chini. Kuzima kwenye 85 ni kwamba imeshaamua tu, haikwambii imeamua nini. Ukiendelea, bado haijaamua, na bado una nafasi. Na humo ndani kuna maswali 15 ya majaribio ambayo hayahesabiwi kabisa, wala huwezi kuyatambua, kwa hiyo ukikutana na swali la ajabu usilibebe moyoni hadi linalofuata.

Kuna pia ile hila ya kujisajili upya mara tu baada ya mtihani ili uone kama kadi yako ya benki itakataliwa, eti ikikataliwa umepita. Mwenzangu wa kazini aliifanya. Kadi yake ikakubaliwa, dola 200 za ada zikaenda, naye akakesha analia siku mbili kabla hata matokeo hayajatoka. Usifanye hivyo.

Baada ya kufeli niliendelea na kazi yangu ya msaidizi wa nesi katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Niliwaambia ukweli mume wangu, mdogo wangu na mama. Wengine waliponiuliza kanisani, nilisema nitaurudia, nikageuza mazungumzo. Sikuwa na deni la maelezo kwa mtu yeyote, na wewe pia huna. Kilichonishika sana katika wiki zile ni bibi mmoja pale kazini, mtulivu, anayependa kunihadithia habari za ng'ombe wa baba yake. Usiku mmoja akaanza kuniita kwa jina la dadake na kung'ang'ania kushuka kitandani. Nikampima joto, halikuwa kubwa. Nikaangalia pedi yake, mkojo ulikuwa kidogo na una harufu kali. Nikamwambia nesi wa zamu kwamba huyu hajachanganyikiwa kwa uzee, huyu ana maambukizi ya mkojo, apimwe. Alipimwa, na ndivyo ilivyokuwa. Niliporudi nyumbani asubuhi ile sikuwa tena na swali kama mimi ni nesi. Lililobaki lilikuwa la mtihani, na la mtihani linatatulika.

Ukifeli unatumiwa ripoti inayoonyesha kila eneo la mtihani: uko juu ya kiwango, karibu nacho, au chini. Wengi huitupa kwa hasira. Mimi niliibandika kwenye friji. Kwenye kukuza afya, ambako ndiko mambo mengi ya uzazi huangukia, nilikuwa juu. Kwenye usimamizi wa huduma nilikuwa chini, na eneo hilo ndilo lenye maswali mengi kuliko mengine. Dawa pia chini. Mtu anayekwambia "soma zaidi" bila kuuliza ripoti yako inasema nini hajakusaidia kitu. Ningesoma zaidi ningesoma uzazi, kwa sababu ndiko kusoma kulikokuwa kutamu.

Usimamizi wa huduma ulinishinda kwa sababu ya mambo mawili ambayo kule nyumbani yalikuwa yananiokoa. Moja ni kugawa kazi. Wadi ikijaa nilikuwa namwachia mwanafunzi au mhudumu chochote anachoweza kukifanya. Hapa mpaka umechorwa: kumtathmini mgonjwa, kumfundisha, na kuamua kama matibabu yamefaa ni kazi za nesi aliyesajiliwa, haziendi kwa msaidizi. Nesi wa LPN, ngazi iliyo chini ya nesi aliyesajiliwa, anapewa mgonjwa aliyetulia, ambaye hali yake inatabirika. Msaidizi anaosha, analisha, anageuza, anapima presha ya mgonjwa asiye na matata. Nilikuwa nafanya kazi hiyo ya msaidizi kila usiku, na bado kwenye mtihani nilikuwa natoa majibu ya wadi yangu ya zamani.

La pili ni daktari. Kwetu kumwita daktari ni jambo la haraka, maana huenda akafika baada ya saa nzima, kwa hiyo unaita kwanza halafu unaendelea. Kwenye NCLEX chaguo la kumpigia daktari linakaa pale likikuvuta, na mara nyingi kuna jambo la kufanya kabla yake: kumweka mama alale ubavu, kusimamisha dawa, kuinua kichwa cha kitanda, kusikiliza kifua. Swali likishakupa vipimo vyote na hakuna lililobaki la kufanya na mikono yako, ndipo unapiga simu.

Dawa zilikuwa shida ya vipimo na majina. Nimepima sukari kwa milimoli maisha yangu yote. Hapa ni miligramu kwa desilita, na unazidisha milimoli kwa 18. Sukari ya 4 niliyoizoea inakuwa 72. Joto la 38 linakuwa 100.4. Parasetamoli wanaiita asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli, pethidini ni meperidini, adrenalini ni epinefrini. Hakuna gumu hapo, lakini sekunde unazotumia kubadilisha kichwani zinakuondolea utulivu. Nilikata makaratasi nikabandika kila mahali, hadi ndani ya kabati la vikombe.

Magnesiamu salfeti ndiyo iliyonionyesha kwamba miaka yangu haikuwa bure. Kwetu tulimpa mama mwenye kifafa cha mimba gramu 4 taratibu kwenye mshipa, kisha gramu 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4, tako moja baada ya jingine. Hapa inapita kwa pampu. Nilikuwa nikikutana na swali lake macho yanatafuta zile sindano, nisizione, nababaika. Siku moja nikaweka kitabu chini nikajiuliza: nilikuwa naangalia nini kabla ya kuchoma ile ya pili? Pumzi zake. Mkojo wake, usipungue mililita 30 kwa saa. Goti, nikiligonga, liruke. Na kalsiamu glukoneti iwe karibu, ikitokea dawa imemzidi. Nikafungua kitabu. Ndiyo hayo hayo, yote. Kuanzia hapo nilisoma kila dawa namna hiyo, kuanzia kwa mgonjwa niliyewahi kumshika mkono.

Sasa mbinu yangu, ambayo sitachoka kuieleza. Mdogo wangu anasuka nywele nyumbani kwetu Brooklyn Park, hapa Minnesota, Jumamosi nyumba inajaa wateja. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia chumbani na vitabu vyangu. Baadaye nikaona nikae nao. Nilikuwa nachukua swali la kuchagua mgonjwa wa kwanza, nalisimulia kama habari, kisha nauliza: "Nikiwapa mgongo hawa wote, nani atakufa kwanza?"

Jumamosi moja niliwapa wanne. Mama wa siku ya pili baada ya upasuaji, maumivu 8 kati ya 10. Mzee wa kisukari, yuko macho, anatetemeka, sukari 65. Kijana wa pumu ambaye kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi tangu asubuhi na sasa kiko kimya. Na bwana anayefoka mlangoni kwamba karatasi zake za kwenda nyumbani zimechelewa. Mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akaruka kwenye kiti: "Mzee wa sukari! Mamangu alianguka hivyo hivyo jikoni!" Mwingine akasema mama wa upasuaji, maana maumivu hayo anayajua. Mdogo wangu, rasta mdomoni, akasema yule wa pumu si amepata nafuu, kifua kimenyamaza?

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Ilibidi niwaeleze watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha uuguzi kwamba filimbi ni hewa inayojilazimisha kupita kwenye njia nyembamba, na ikinyamaza ghafla bila dawa kumsaidia, huenda hewa haipiti tena kabisa. Kwamba mzee wa sukari anaweza kusubiri dakika chache, anaweza kumeza, glasi ya juisi itamrudisha. Kwamba maumivu ya mama ni ya kweli, na upasuaji umetoka juzi, yanatarajiwa. Yule mwenye mama aliyeanguka jikoni hakukubali haraka. Alinibana: na kama juisi haipo? Na kama mzee amezimia? Tukazungumza hadi suka ikaisha. Nilipoweza kumridhisha yeye, swali lile lilikuwa langu, hata wangebadilisha majina na magonjwa. Nilipojikwaa mbele yao, nilijua palipo na pengo, nikaenda kusoma hapo tu. Baadhi ya wateja walianza kuja mapema ili wapige kura.

Mbinu hiyo ilinifaa hata kwenye visa vya mtihani, yaani habari ya mgonjwa mmoja inayofuatwa na maswali kadhaa. Tangu Aprili 2023 mtihani una visa vitatu vinavyohesabiwa, kila kimoja na maswali sita, na vinakufuata hatua kwa hatua: umeona nini, kina maana gani, lipi ni la hatari zaidi, utafanya nini, na umejuaje kama kimesaidia. Maswali mengi ya kuchagua majibu zaidi ya moja sasa yanatoa alama hata ukipatia sehemu tu.

Kuna wanaouza maswali "yaliyovuja" kwenye makundi ya WhatsApp, mia kadhaa za dola, na wateja wao wakubwa ni watu walioumia kama nilivyoumia mimi. Benki ya maswali ni kubwa na kila mtu anapangiwa yake kulingana na anavyojibu, kwa hiyo hakuna karatasi ya kuvuja. Na ukikamatwa na jambo kama hilo unahatarisha leseni yenyewe. Mimi nilinunua benki moja tu ya mazoezi ya halali, nikasoma maelezo ya kila jibu, hata nililopatia.

Kati ya mtihani na mtihani lazima zipite siku 45. Nilichukua muda mrefu zaidi ya hapo na sikujuta. Siku yenyewe wakanipiga picha, wakachanganua kiganja, simu ikaenda kabatini, nikapewa ubao mdogo wa kuandikia. Una saa 5, mapumziko yakiwa humo humo. Nilipofika 85 skrini ikaleta swali jingine, na kwa mara ya kwanza nilifurahi: bado tunaongea. Nilienda kula ndizi, nikanawa uso, nikarudi. Iliendelea hadi 150. Ukifika hapo mashine inatazama makadirio yake ya mwisho, kama yako juu ya kiwango umepita.

Yalikuwa juu. Safari hii sikumwambia mtu hadi nilipoona jina langu na namba ya leseni kwenye tovuti ya bodi ya jimbo, na nikapika pilau mwenyewe. Nilipoandika kwenye kundi mojawapo la WhatsApp nililokuwamo kwamba maswali yanayouzwa ni ya uongo, niliondolewa jioni ile ile. Waliobaki mle ndani bado wananitafuta mmoja mmoja, na swali ninalowauliza kwanza ni lile lile: ripoti yako inasema uko chini wapi?