Bei ya Maharagwe ni Pamoja na Mkaa Wake

Septemba mwaka jana, tulipokwisha kulipa karo ya muhula wa tatu na mfuko wa nyumba ukabaki mwepesi, nilinunua daftari la kurasa 48 nikaanza kuandika kila shilingi iliyotoka kwa ajili ya chakula. Nyumbani kwetu Manyatta, hapa Kisumu, tunakaa watu sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Dani. Nilitarajia daftari linionyeshe kwamba tunakula nyama kupita uwezo wetu, lakini mwezi ulipokwisha nikaona kwamba nyama tulikuwa tumenunua mara mbili tu. Fedha zilikuwa zikitoka kwenye mianya miwili ambayo sikuwa nimeidhania hata kidogo, yaani vitu tulivyonunua kwa kadogo, vya kupimiwa kidogo kidogo, na mkaa.

Nianze na kadogo. Jioni moja niliyachukua mafuta ya kupikia ya shilingi 20 niliyopimiwa dukani, nikayapima tena nyumbani kwa kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya kifua ya watoto, nikapata mililita 50. Maana yake ni kwamba lita moja ilikuwa ikinigharimu shilingi 400, ilhali chupa ya lita moja ilikuwa imepangwa kwenye rafu ya duka lilo hilo kwa shilingi 310. Niliketi na hesabu hiyo kwa muda mrefu. Simlaumu mwenye duka, kwa sababu ndiye anayefungua dumu, anayepoteza matone kila anapopima, na anayetukopesha mwisho wa mwezi unapokuwa mgumu. Wala simlaumu anayenunua kwa kadogo, maana katika ploti yetu kuna mwendesha bodaboda na kuna mama anayefua nguo za watu, na wote wawili hulipwa kwa siku. Mtu aliyerudi nyumbani na shilingi 300 hawezi kuambiwa anunue dumu zima, hata kama anajua vizuri kwamba dumu ni nafuu. Ushauri wa kununua kwa jumla haumfai mtu ambaye mapato yake yenyewe huja kwa kadogo.

Kwa hiyo tulikubaliana nyumba nne. Kila nyumba hutoa shilingi 50 kwa siku, zinatumwa kwa M-Pesa kwa jirani mmoja tunayemwamini, na baada ya siku 30 huwa tuna shilingi 6,000. Kwa mchango wa kwanza tulinunua dumu la mafuta la lita 20 kwa shilingi 5,400, tukagawana lita 5 kila nyumba, na lita moja ikatoka kwa shilingi 270. Ukilinganisha na shilingi 400 za kadogo, kila nyumba ilibakiwa na shilingi 650 katika lita hizo 5. Yule mama anayefua alinunua viatu vya shule vya bintiye kwa fedha hizo, akaja kutuonyesha.

Mchango wa pili ulitufunza jambo ambalo mpaka leo nalizingatia kuliko mengine yote. Tulikuwa tunataka maharagwe, na muuzaji mmoja alituuzia nyayo, yaani maharagwe yenye madoa mekundu, kwa bei iliyopungua shilingi 60 kuliko wenzake kwa kila gorogoro, ule mkebe wa kupimia wa kilo mbili hivi. Yalikuwa safi, hayana mawe wala fukusi, nasi tukachukua magorogoro 20 kwa furaha. Siku ya kwanza niliyabandika saa nane mchana, na kufikia saa kumi na mbili jioni yalikuwa bado yanagonga sufuria kama changarawe. Nilikuwa nimeongeza mkaa mara tatu. Majirani wote watatu walipata matokeo yale yale, na kila sufuria ilikula mkaa uliozidi zile shilingi 60 tulizodhani tumeziokoa.

Maharagwe yakikaa ghalani muda mrefu mahali penye joto na unyevu, hugeuka ndani kiasi kwamba maji hayaingii vizuri wala moto hauyalainishi. Huo si ugonjwa wala si uchafu, ni uzee, na mtu hawezi kuutambua kwa kuangalia mawe na fukusi peke yake. Dani ndiye aliyenionyesha dalili zake: nyayo mpya hung'aa, na usuli wake kati ya madoa mekundu huwa mweupe au wa maziwa, ilhali nyayo ya zamani huwa imefifia na kugeuka kahawia. Siku hizi hatununui maharagwe mengi bila kwanza kuomba konzi moja, au kununua kikombe kimoja, tukakichemsha nyumbani na kuhesabu dakika. Yale ya manjano huwa ghali kidogo sokoni, lakini huiva upesi, na nikijumlisha mkaa mara nyingi ndiyo nafuu zaidi. Ninaposikia mtu akisema maharagwe fulani ni bei rahisi, swali langu huwa ni moja: yameiva kwa saa ngapi?

Wapo walionishauri niongeze magadi. Ni kweli kwamba magadi hulainisha maharagwe, lakini huharibu vitamini B1, na katika nyumba ambayo maharagwe ndiyo nyama yake ya siku nyingi, sioni faida ya kuokoa mkaa kwa kupunguza lishe ile ile niliyoyanunulia. Kwetu Vihiga mama yangu hutumia munyu, yaani maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu, katika mrenda, na hapo sina ubishi kwa sababu mrenda bila munyu hauteleziki inavyotakiwa. Kwenye maharagwe, hapana.

Ninachofanya badala yake ni kuyaloweka usiku kucha, kuyamwaga yale maji ya kulowekea, na kuyachemsha kwa nguvu katika maji mapya kwa nusu saa. Kisha naiepua sufuria ikiwa bado inatokota, sifunui mfuniko, naiingiza ndani ya kapu kubwa la makonge nililolitandika vipande vya godoro kuukuu na blanketi, naifunika juu kwa mto mnene, naenda zangu. Joto lililomo ndani halina pa kutokea, kwa hiyo maharagwe yanaendelea kuiva kwa saa nne bila kaa hata moja. Nikirudi nayachemsha tena kabla ya kuyaunga, kwa kuwa chakula kilichopoa na kuwa vuguvugu hakifai kuliwa hivyo hivyo. Kuchemsha kwa nguvu mwanzoni ni sharti ambalo naomba mtu asilipuuze: maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayovunjika kwa maji yanayotokota kwa angalau dakika 10, na joto la kapu peke yake halitoshi kuivunja. Anayepeleka sufuria kapuni kabla ya wakati ataokoa mkaa na kuwapa watoto tumbo la kutapika.

Hatuna friji, na joto la Kisumu halina huruma kwa chakula kilicholala, kwa hiyo sipiki maharagwe ya wiki nzima. Nilichokigundua ni kwamba sufuria kubwa ya nyumba nne inahitaji mkaa kidogo tu zaidi ya sufuria ya nyumba moja. Kila Jumatano na Jumamosi nyumba moja huchemsha maharagwe ya wote, kila mtu anakuja na bakuli lake jioni, kisha kila mmoja anaunga kwake apendavyo. Sisi hula nusu jioni ile kwa ugali, na yaliyobaki nayachemsha tena asubuhi pamoja na mahindi yaliyokwisha kuiva, yakawa nyoyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ya mchana. Mume wangu alikuwa na wasiwasi kwamba majirani watajua tunakula nini. Nilimjibu kwamba wanajua tayari, kwa sababu sote tunakula maharagwe.

Omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, nao wana hesabu yao, na hii ni hesabu ya ziwa. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, na samaki hao hufuata mwanga pale tu giza linapokuwa zito. Mwezi mpevu ukitoka, taa hazivuti kitu na mitumbwi mingi hupumzika. Ndiyo maana bei hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na mtu anayenunua omena bila kutazama mbinguni hulipa zaidi bila sababu. Mimi hununua siku chache baada ya usiku wa giza, wanapokuwa wameanikwa na kukauka. Naangalia rangi ya fedha inayong'aa na umbo lililo kamili. Waliogeuka manjano na kuvunjika kuwa vumbi wamezeeka, na waliojaa mchanga mara nyingi walianikwa chini na wanafaa zaidi kwa chakula cha kuku. Nawaosha kwa maji ya moto mara mbili, nawakaanga bila mafuta hadi wakauke, ndipo naweka kitunguu, nyanya na mafuta kidogo. Wanaliwa na mifupa yao, na hapo ndipo kalisiamu ilipo, kwa hiyo bakuli moja la omena kwa watoto wanaokua naliheshimu kuliko vipande viwili vya nyama ya ng'ombe iliyojaa mafuta. Mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu, pia ni nafuu na mchuzi wake ni mtamu, ila huliwa kwa uangalifu penye watoto wadogo.

Upande wa unga tulibadilika Desemba, mavuno ya Trans Nzoia yalipokuwa yamefika na mahindi yameshuka bei. Tulinunua gunia la kilo 90, ambalo kwa kawaida hutoa magorogoro 45, tukawa tunasaga kidogo kidogo kwenye kisiagi bila kukoboa. Unga huo una kiini na ganda lake, unashibisha haraka, na sufuria ya ugali inayotutosha sita imepungua. Lakini nisiufiche upungufu wake. Tangu 2012 sheria inawataka wenye viwanda kuongeza madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga wa pakiti, na unga wa kisiagi hauna nyongeza hiyo, kwa hiyo anayehamia kisiagi lazima mboga na omena visipungue mezani. Tena lazima ayachague mahindi kwa mkono. Mwaka 2004 watu 125 walikufa huko Makueni, Kitui na maeneo jirani kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi tunaitoa, na gunia lenye harufu ya uvundo hatulichukui hata likitolewa bure.

Mboga hazinihangaishi sana. Nakwenda soko la Kibuye Jumapili, siku yake kubwa, kuanzia saa kumi jioni, wakati akina mama waliotoka mbali wanapoanza kuhesabu nauli na hawataki kurudi na mzigo. Fungu la kunde, managu au saga wakati huo huongezwa mpaka linakuwa mawili. Dani anapenda managu yaliyochemshwa siku mbili kwa maziwa, nami nampikia yake hivyo, lakini ya watoto nayachemsha mara moja na maji yake siyamwagi. Mchele tunanunua ule wa Ahero uliovunjika, kwa sababu tumboni hakuna anayehesabu punje nzima.

Sasa tuko Machi, na mchango wa mwezi huu tumeutengea omena. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wao hufungwa ili wazaliane, na kila mwaka bei yao hapa mjini hupanda katika miezi hiyo. Mwezi utakuwa gizani wiki ijayo. Nyumba tatu zimekwisha kutuma fedha zao, ya nne itamalizia Ijumaa, na magunia mawili nimeyafua na kuyaanika juu ya paa ili yawe makavu kabisa siku tutakapokwenda Dunga, ufukoni wanakotua wavuvi, kabla jua halijachomoza. Katika daftari, wiki ya kwanza ya Septemba niliandika mikebe 11 ya mkaa. Wiki iliyopita niliandika 4.