Diski yangu inalala kwenye sanduku la kikoba

Nianze na fundi, maana hasira yake bado ninayo. Kila aliponiwekea Windows upya alinigawia diski mafungu mawili, C na D, akaniambia, "Mama, vitu vyako vyote weka D. C ikifa, D inabaki." Nikaishi kwa imani hiyo miaka minne. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Nachapa risechi za wanachuo, mitihani ya shule mbili tatu, kadi za harusi, ratiba za misiba. Yote ilikuwa D, kwenye folda niliyoiita KAZI kwa herufi kubwa, utadhani herufi kubwa ni kufuli.

Asubuhi moja mashine ikaanza kulia tk, tk, tk, kama mjusi wa ukutani. Nikazima, nikawasha. Haijawaka mpaka leo. Namuuliza fundi D iko wapi, anakuna kichwa. Kumbe C na D ni vyumba viwili chini ya paa moja. Windows ikivurugika, kweli D inapona, hapo simsingizii. Lakini diski yenyewe ikifa, paa linaangukia vyumba vyote. Kuhusu kufufua vilivyomo, alianza kusema laki na nusu, kesho yake laki tatu, kesho kutwa akawa hapokei simu.

Risechi hazikuniuma sana, wanachuo wengi walikuwa nazo kwenye barua pepe zao. Kilichoniuma ni faili la Excel la madeni. Habari zilienea mtaani kabla ya saa sita mchana, na wadeni wangu wakaja kunipa pole kwa nyuso za sikukuu. Mmoja alishika kifua kabisa, akasikitika, halafu akasema, "Ila mimi mama nilishamaliza, si unakumbuka?" Sikumbuki. Hadi leo sikumbuki, na yeye anajua.

Basi nikaapa. Nilipokwenda Dar kuchukua karatasi, nikapita Kariakoo, nikaona flashi ya TB 2, yaani kama GB 2,000, kwa elfu thelathini na kitu. Nimebishana na kijana mpaka akashusha elfu tano, nikaondoka najiona mjanja kuliko Kariakoo nzima. Nyumbani nikaichomeka: kweli inaandika TB 2. Nikaanza kumiminia kila kitu, kazi mpya, picha, video za kipaimara cha mwanangu, mpaka picha za watu wengine. Inakubali tu. Haishibi. Wiki tatu nikawa natembea na ile flashi kwenye mkufu kama mtu aliyebeba benki shingoni.

Siku nimehitaji mtihani wa darasa la sita, naona jina la faili lipo, ukubwa wake upo, nalifungua, haliji. Jingine, haliji. Folda za mwanzo zinafunguka, za baadaye zote ni majina matupu. Mwanachuo mmoja aliyekuja kuprinti ndiye aliyenipa dawa: programu ya bure kutoka Ujerumani inaitwa H2testw, ndogo, haihitaji hata kusakinishwa. Inaijaza flashi mafaili ya majaribio, kisha inayasoma upya kuona kama yamerudi kama yalivyokwenda. Nikaiambia ijaribu GB 100 tu, maana TB 2 zingekula siku nzima na nyingine juu. Jibu: GB 29 nzima, zilizobaki zimepotea. Ilikuwa flashi ya GB 32 iliyofundishwa kusema uongo. Ni lile lile debe la sokoni lililobonyezwa kitako, mimi ambaye nyanya nazichungulia mpaka chini! Tangu hapo hakuna kitu kinachohifadhi data kinachoingia kwangu bila kupimwa, na kabla ya kupimwa simlipi mtu pesa yote.

Mwisho nikanunua diski ya nje ya TB 1, ya kweli, kama laki moja na themanini hivi, dukani penye risiti. Mashine mpya haina D, nimekataa.

Kunakili kwa kuburuta na kipanya kunachosha, na ukichoka unaacha. Ndani ya Windows kuna amri inaitwa robocopy. Unaandika mstari mmoja kwenye Notepad, unauhifadhi kwa mwisho wa .bat, baadaye ni kubofya mara mbili tu. Inachukua yaliyobadilika, mengine inayaruka, kwa hiyo kazi ya wiki nzima inakwisha dakika chache. Ukiongeza /MIR, upande wa pili unafanana na wa kwanza kama pacha: kisichokuwepo wa kwanza, wa pili kinafutwa. Hiyo /MIR ishikeni vizuri, nitairudia. Google Drive pia ninayo, lakini GB 15 za bure wanazigawana barua pepe, picha na mafaili, na bando la kupakia video sina. Kule naweka Excel ya madeni tu. Madeni kwanza.

Sasa diski ikae wapi? Ikikaa kando ya kompyuta, mwizi akija anabeba vyote safari moja. Nikawaza shangazi, ana wajukuu. Nikawaza kanisani, nikaona aibu. Ndipo nikakumbuka sanduku la kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana: la chuma, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu tofauti, na anayelilaza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Linafunguliwa kila Jumamosi. Benki gani inakupa hivyo? Wenzangu waliniuliza kama kompyuta inaweza kupata uchawi wa hela zao, lakini wakakubali kwa buku moja kwa mwezi. Jumamosi naenda na laptopu. Wao wakihesabu hisa, mimi nanakili. Ndani ya diski mafaili yamefungwa kwa VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili kwa nenosiri, kwa hiyo hata akina mama wote watatu wakikubaliana kunichungulia, hawaoni kitu. Nenosiri nimeliandika kwenye kitabu fulani nyumbani. Ukilisahau, hata aliyeitengeneza programu hakusaidii.

Turudi kwa /MIR. Baada ya miezi michache nikapata hela, nikanunua diski ya pili, ili moja ikae sandukuni na nyingine nyumbani. Jumanne usiku, umeme unarudi na kukatika, mimi nina haraka. Nikafungua folda tupu kwenye diski mpya, nikaandika mstari mpya wa robocopy, nikabofya. Ilikwisha haraka mno. Nilikuwa nimegeuza: diski tupu nimeiweka mbele, kompyuta nyuma. Ikafanya nilichoiambia, ikaifananisha kompyuta yangu na utupu. Kwenye pipa la taka hakuna hata faili moja.

Sikulia. Nilikwenda kugonga kwa mweka sanduku saa tatu usiku na khanga kichwani. Ufunguo wa kwanza ulipatikana usiku ule, wa pili asubuhi. Wa tatu ulikuwa Kilosa, msibani, kwenye pochi ya mwenyekiti. Siku mbili nzima nimefunga steshenari, nawaambia wateja printa ina homa. Ijumaa akashuka kwenye basi, nikampokea mzigo kabla hajasalimia watu. Sanduku likafunguliwa, diski ikatoka, na KAZI yote ikarudi isipokuwa ya siku tatu. Mstari wa .bat sasa kaupima mwanangu, na juu yake nimeandika: TOKA KOMPYUTA, NENDA DISKI.

Kikoba wakanipiga faini elfu mbili kwa kufunguza sanduku nje ya kikao. Nililipa nikicheka. Desemba tukagawana, kila mtu akabeba chake, na mweka hazina akafunga mwaka kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri: "Fedha taslimu: hakuna. Diski ya mama steshenari: moja."