Jina si langu, anwani ni yangu

Barua isiyo yako hukufikia kwa moja ya njia mbili. Ama anwani ni ya mtu mwingine na msambazaji kakosea mlango, ama anwani ni yako kweli ila mwenye jina hayupo tena. Ya kwanza haina kazi: kama jirani unamfahamu unampelekea, kama humfahamu unaikabidhi posta na kusema imekosea njia. Ya pili ndiyo iliyonishughulisha. Mpangaji aliyenitangulia alihama bila kuwaarifu wote waliokuwa wakimwandikia, na barua zake ziliendelea kuja kwangu muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Wapo walionishauri nizitupe tu. Sikukubali, na hadi leo sikubali. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoasisiwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, unasema barua hubaki mali ya mtumaji mpaka imfikie mwenyewe. Kwa hiyo ile niliyoishika haikuwa yangu hata chembe. Kifungu cha 12 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 nacho kinazitaja barua bayana, pamoja na familia na makazi, kati ya mambo ya mtu yasiyoingiliwa ovyo. Sheria za nchi hutofautiana kwa ukali. Nchini Marekani, kuchukua barua ya mwingine kabla haijamfikia, kwa nia ya kuizuia au kuchungulia mambo yake, kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 5.

Lakini hata pasingekuwa na sheria, kuna bahasha moja iliyonitosha. Ilikuwa nyembamba, haina maandishi ila jina na anwani, na nilipoibonyeza kwa kidole gumba nilihisi kingo za kadi ngumu iliyobandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa. Kadi ya benki, bila shaka. Ukiitupa hiyo kwenye pipa la taka, yeyote atakayeiokota ana jina, anwani na kadi ya mtu aliyelala usingizi wake akijua mambo yake yako salama. Sikutaka hilo lipitie mikononi mwangu.

Nilianza kwa mwenye nyumba. Hakunipa namba ya simu ya yule mpangaji, na alifanya vyema, ila alikubali kumfikishia ujumbe: barua zako bado zinakuja huku, tafadhali nenda posta ukajaze fomu ya kuhamishiwa barua. Fomu hiyo huijaza mhusika mwenyewe au mtu aliyemruhusu. Mimi nisingeweza kumjazia hata kwa nia njema kiasi gani. Jibu lilirudi kwamba ameshukuru na niendelee kuzirudisha zitakazopita.

Kuzirudisha nako kuna namna yake. Nilikuwa nikipiga mstari mmoja juu ya anwani, jina likiendelea kusomeka, na kuandika pembeni kwa herufi kubwa: HAISHI HAPA, IRUDI KWA MTUMAJI. Nikaenda kuuliza posta kama hilo linatosha. Dirishani alikuwepo karani mtu mzima.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umeandika vizuri, lakini mashine haiyasomi maneno yako. Inasoma hivi.”

Akaweka ncha ya kalamu kwenye vistari vyembamba vilivyochapwa chini ya anwani, akavikata kwa wino mzito mara mbili tatu. Mashine ya kuchambulia barua ikivikuta vizima, alinieleza, inairudisha kulekule ilikotoka, yaani kwangu. Tangu siku hiyo navikata vyote kabla sijairudisha.

Hata hivyo, kurudisha barua mojamoja ni kufagia huku upepo unavuma. Chanzo ni orodha ya mtumaji, na hapo ndipo nilipoona mabadiliko ya kweli. Kwa wale waliorudia kuandika, nilichukua anwani iliyo nje ya bahasha na kuwapelekea maneno machache: mtu huyu hayupo tena kwenye anwani hii, tafadhali mwondoeni. Sikutaja jina langu, kwa sababu hawalihitaji. Kampuni moja ya kudai madeni ilinijibu ikitaka kujua mimi ni nani na nina uhusiano gani naye. Niliwarudia sentensi ileile, nikaishia hapo. Barua za madai zina maneno mekundu ya kutisha, na najua wapangaji wanaokosa usingizi kwa sababu yake, lakini deni ni la aliyekopa, si la anayelala leo kwenye chumba chake cha zamani. Anayewatumia taarifa zake binafsi ili kujitetea anawapa kitu ambacho hawakuwa nacho.

Ikitokea umeifungua bila kuangalia jina, usiisome. Irudishe ndani, ifunge kwa gundi ya karatasi, andika juu yake kwamba ilifunguliwa kwa bahati mbaya, kisha ifuate njia ileile.

Iliyonisumbua kuliko zote ni barua iliyoandikwa kwa mkono, bila anwani ya mtumaji mbele wala nyuma. Nilimpelekea karani yuleyule, nikamuuliza itaenda wapi. Akasema zisizo na pa kurudi hukusanywa mahali pamoja, na huko wafanyakazi walioruhusiwa kisheria, wao peke yao, huzifungua kutafuta anwani yoyote ndani. Baadaye nilisoma kwamba Uingereza kituo chao kiko Belfast na Marekani kiko Atlanta. Nilimwachia roho ikiwa nyeupe, maana kama kuna mtu wa kuifungua, ni yule mwenye ruhusa.

Siku hizi zinakuja kwa nadra. Ikija, naiandika na kukata vistari nikiwa bado nimesimama mlangoni, na inatoka nami kesho yake asubuhi. Ikilala mezani inachanganyika na zangu, na mwenyewe huko aliko anaweza kuwa anasubiri jibu la kazi au tarehe ya hospitali.