Kachori ya Ahmedabad

Sikwenda Ahmedabad, jimbo la Gujarat huko India, kutalii. Nilimsindikiza shangazi, aliyekuwa anafanyiwa upasuaji wa goti, na siku tatu za mwanzo niliona maghorofa ya vioo tu, huku magharibi ya mto Sabarmati. Siku ya nne akanifukuza. "Baba, utanikodolea macho mpaka lini? Nenda kaone mji wa watu."

Kituo cha basi kiko katikati ya barabara, njia yake imetengwa, nikacheka peke yangu: mwendokasi! Wenzetu wanao tangu 2009, sisi Dar tukaanza 2016. Kusukumana mlangoni nako ni kulekule.

Ng'ambo ya mto ni mji mwingine kabisa. Sultani Ahmad Shah aliuanzisha 1411, na 2017 UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia. Vichochoro vya mitaa yake, wanayoiita pol, ni vyembamba hivi kwamba pikipiki ikija unajibanza ukutani. Milango ya mbao iliyochongwa haikunishangaza. Unguja nako kuna milango tunayoiita ya Kigujarati. Kilichonisimamisha ni kijumba cha nakshi juu ya nguzo, nikadhani ni mnara wa ibada. Kumbe ni cha kulishia ndege. Na chini ya mitaa hiyo, tangu 2022, inapita treni ya umeme.

Alasiri nilisali msikiti wa Sidi Saiyyed, pale Lal Darwaza. Aliyeujenga, mnamo 1573, alikuwa Mhabeshi. Mwafrika mwenzangu! Nilikaa humo muda mrefu kuliko pote. Ukuta wa kibla una madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama kitambaa cha kufuma, na moja lina mti ambao matawi yake yanasokotana, yanapotea, yanarudi. Nilijaribu kulifuata tawi moja kwa macho, toka shina hadi ncha. Mara tatu nikapotea. Jua linapita humo na kuumwagia mti wote sakafuni, juu ya mikeka na miguu ya wazee.

Magharibi ikanikuta Manek Chowk, sokoni kwa masonara. Kigujarati sikijui, lakini mteja na muuzaji walipobishana bei nilidaka neno moja: *lakh*. Laki! Tena hesabu ileile, elfu mia. Maduka yalipofungwa, meza za vyakula zikajaa palepale, moshi wa siagi ukapanda, na dhahabu ikasahaulika.

Nikamnunulia shangazi kachori, nikijua atafurahi. Akaimega, akatazama ndani: ganda la unga, dengu zilizosagwa, hakuna kiazi hata chembe.

"Nani kakwambia hii ni kachori?"

"Wenyewe, shangazi. Wahindi."

Akatafuna taratibu, akachukua ya pili. "Basi wamesahau kuipika."