Mabanzi ya msonobari yameniachisha mafuta ya taa

Nakasongola, huku Uganda, ni kwa wachoma makaa. Huku ukisema unapikia msonobari, watu wanakuonea huruma. Shemeji yangu aliniambia wazi: "Mama, mti ule ni wa mbao. Jikoni utakuletea masizi tu." Mimi nauza chai na maharagwe, na leo nasema alinipotosha.

Ni kweli mara ya kwanza nilishindwa. Nilinunua mabanzi kwa wapasua mbao wa Katugo, mzigo wa bodaboda, elfu kumi na kitu. Yalikuwa mabichi, yananata mkononi. Alfajiri ile ile nikayasukuma chini ya sufuria ya maharagwe. Moshi mzito, utomvu unatokota kwenye ncha za mabanzi, macho yananichuruzika. Yaliposhika, moto ukaruka mpaka kwenye mishikio. Sijamaliza kuchambua mchele yamekwisha, na mafigani hamna kaa hata moja la kushika joto. Saa tano maharagwe bado magumu, wateja wamehamia kwa jirani.

Kumbe kilo kwa kilo, msonobari haushindwi joto na mti mgumu. Ni mwepesi tu, unaungua upesi. Sasa nayapasua Desemba, nayapanga juu ya matofali chini ya upenu, kiangazi chote. Gonga vipande viwili: vikilia ko! ko!, vimekauka.

Utamu wenyewe wa kuwashia moto uko kwenye vifundo na visiki. Chagua kipande kizito kuliko wenzake, chekundu kama asali, kinachonukia tapentaini. Kichane kwa panga unene wa kidole, kisha kikwangue kwa kisu bila kukata mpaka mwisho, nyuzi zibaki zimejikunja kama manyoya ya kuku. Njiti moja ya kiberiti inatosha, hata mvua ya Aprili ikinyesha. Mafuta ya taa nimeyasahau.

Chai naichemsha kwa mabanzi matupu. Maharagwe yakianza kutokota naingiza magogo mawili ya mkalitusi, naenda zangu. Sufuria nalipaka nje majivu yaliyokorogwa na maji kabla ya kulibandika, masizi yanatoka kwa kusuuza.

Juzi kijana aliniletea bure vipande vya nguzo vyenye rangi ya kijani. Nilimrudishia. Ukijani ule ni dawa ya kuhifadhi mbao, mara nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu, na mimi nalisha watoto wa watu.