Jina Lile Lile, Chaneli Nyingine

Kila inapobainika kwamba chaneli fulani ya kebo nchini Marekani imeacha vipindi vilivyoipa jina, watazamaji wake wa siku nyingi hupandwa na hasira ambayo watu wengine huiona kuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Huambiwa kwamba wamepitwa na wakati, au kwamba rimoti wanayo mikononi na wanaweza kuhamia kwingine. Nimeyafuatilia malalamiko haya kwa muda mrefu, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mpenzi mkubwa wa makala za televisheni za historia na sayansi, na ninaamini kwamba wengi wanaoyapuuza hawajasikiliza hasa kinacholalamikiwa. Watazamaji hawa wamewahi kupokea mabadiliko makubwa bila kinyongo. Kinachowaudhi ni kwamba kitu kipya huletwa kwa jina la kile cha zamani, nao huendelea kukilipia wapende wasipende.

Mfano unaotajwa kwanza siku zote ni MTV, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981 ikiwa chaneli ya video za muziki, usiku na mchana. Mwaka 1992 ilianzisha The Real World, kipindi cha vijana wasiofahamiana waliowekwa katika nyumba moja na kurekodiwa maisha yao, na kuanzia hapo muziki ukaanza kupoteza nafasi kidogo kidogo. Katika sherehe za tuzo za chaneli hiyo za mwaka 2007, mwanamuziki Justin Timberlake alisimama jukwaani na kuitaka wazi wazi ionyeshe video zaidi za muziki, akiwa amesema yale yaliyokuwa yakisemwa sebuleni kwa miaka mingi. Mwezi Februari 2010 maneno yaliyoitambulisha kuwa televisheni ya muziki yaliondolewa kwenye nembo. Kufikia mwaka 2020 kulikuwa na wiki ambayo zaidi ya saa 100 kati ya saa zake 168 zilijazwa na kipindi kimoja tu, Ridiculousness, ambacho watangazaji wake hucheka video fupi zilizookotwa kwenye intaneti. Hata hivyo sitakaa sana hapa, kwa sababu hii ndiyo kesi ambayo utetezi wa chaneli una nguvu zaidi: tangu YouTube ianzishwe mwaka 2005, mtu anayetaka video ya wimbo huiita mwenyewe kwa dakika anayoitaka, na hana haja ya kumsubiri mtangazaji.

Kwa maoni yangu, kesi ya TLC inaumiza zaidi, ingawa huzungumzwa kidogo. Mizizi yake ni mradi wa mwaka 1972 wa kusambaza elimu kwa satelaiti katika eneo la milima ya Appalachia, ulioasisiwa na wizara ya serikali kuu iliyoshughulikia afya, elimu na ustawi kwa kushirikiana na shirika la anga la NASA. Ulikabidhiwa kwa sekta binafsi mwaka 1980, ukapewa jina la The Learning Channel, kisha ukanunuliwa na kampuni ya Discovery mwaka 1991. Mwaka 2012 chaneli hiyo hiyo ilikuwa ikionyesha Here Comes Honey Boo Boo, kipindi kilichofuata maisha ya mtoto wa kike aliyekuwa akishiriki mashindano ya urembo ya watoto, pamoja na familia yake. Wakati huo ni herufi tatu tu zilizobaki, na kijana aliyezaliwa baadaye hawezi kujua kwamba mojawapo ilikuwa kifupi cha neno lenye maana ya kujifunza. Waliokasirika hawakuwa wakiidharau familia ile. Walikuwa wakiuliza ni vipi chombo kilichoanzishwa kwa fedha za umma ili kumfikia mwanafunzi wa mbali kimefika mahali pa kumfanya mtoto mdogo kuwa kitu cha kutazamwa na kuchekwa.

A&E ilipitia njia hiyo hiyo. Ilianza mwaka 1984 kwa ahadi ya sanaa na burudani (Arts and Entertainment), na sanaa ndiyo iliyotangulia katika jina. Bravo nayo, iliyozinduliwa mwaka 1980, ilikuwa chaneli ya filamu na sanaa za jukwaani isiyo na matangazo ya biashara, lakini baada ya kununuliwa na NBC mwaka 2002 iligeuka polepole kuwa chaneli ya mitindo, majumba ya kifahari na ugomvi wa watu wenye fedha.

Mgala muue na haki yake mpe: wakuu wa chaneli hizi hawakuwa wakibahatisha. Mwezi Agosti 2013, msimu mpya wa Duck Dynasty, kipindi cha A&E kuhusu familia ya Louisiana iliyotajirika kwa kutengeneza vifaa vya kuwaitia bata kwa wawindaji, ulifunguliwa mbele ya watazamaji wapatao milioni 11.8. Hakuna opera iliyowahi kukaribia idadi hiyo kwenye kebo. Vipindi vya aina hiyo havihitaji waigizaji wa gharama kubwa, na huwavuta watu wa umri wa kati ya miaka 18 na 49, ambao ndio watangazaji wa biashara wamezoea kuwalipia zaidi.

Lakini hoja ya idadi ya watazamaji huficha jambo moja ambalo, kwangu, ndilo kiini cha mgogoro wote. Chaneli ya kebo ina mikondo miwili ya mapato: matangazo ya biashara, na ada ambayo kampuni inayosambaza chaneli hulipa kila mwezi kwa kila nyumba iliyojiunga. Ada hiyo ya pili haitegemei kama mwenye nyumba ameifungua chaneli hiyo hata mara moja, kwa sababu chaneli huuzwa kwa kifurushi. Mpenzi wa maigizo ya jukwaani aliyejiunga ili apate Bravo ya zamani aliendelea kuilipia Bravo mpya, na hata alipoacha kuitazama kabisa, fedha yake iliendelea kwenda huko huko. Kumwambia mtu huyo abadilishe chaneli ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Mfumo huo huo ndio unaoeleza kwa nini jina hung'ang'aniwa. Chaneli mpya hulazimika kwenda kwa kila msambazaji na kuomba nafasi, ilhali chaneli iliyokwisha kuingia katika mamilioni ya nyumba ina mikataba na namba yake tayari. Ni rahisi zaidi kuibadilisha kutoka ndani kuliko kuzindua nyingine. Na hakuna wa kumshtakia, kwa kuwa tume ya mawasiliano ya Marekani haizipi chaneli za kebo leseni kama inavyovipa vituo vinavyotumia masafa ya umma. Nchini Kanada hali ilikuwa tofauti: mamlaka ya utangazaji iliandika katika leseni za chaneli maalumu aina ya vipindi zilivyopaswa kuonyesha, na mtazamaji aliyehisi kusalitiwa alikuwa na kifungu cha kunukuu. Utaratibu huo wa kulinda aina za chaneli ulianza kufutwa mwaka 2015, kwa hoja kwamba soko liamue lenyewe. Nauona uamuzi huo kuwa wa mapema mno, kwa sababu wakati huo soko ambalo mnunuzi hakuweza kuchagua bidhaa moja moja lilikuwa bado halina namna ya kusikia anachokitaka.

Kuhusu History, ambayo ndiyo iliyonigusa zaidi, nataka kuwa mwangalifu. Chaneli hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1995, na katika miaka yake ya mwanzo ilijaa makala za Vita Kuu ya Pili ya Dunia kiasi kwamba watazamaji wake waliipa jina la utani la chaneli ya Hitler. Kwa hiyo haikuwa chuo kikuu. Lakini mtu aliyeitazama jioni aliamka na kitu alichokuwa hakijui. Mwaka 2007 ikaleta Ice Road Truckers, kuhusu madereva wa malori wanaopita juu ya maziwa yaliyoganda, na mwaka 2009 Pawn Stars, kuhusu duka la rehani la Las Vegas. Katika malalamiko niliyoyasoma, watazamaji walivitofautisha vipindi hivi kwa makini ambayo wakosoaji wao hawaitambui. Duka la rehani lilivumiliwa na wengi, kwa sababu kila bunduki ya zamani au barua iliyoletwa kaunta ilikuja na mtaalamu wa kueleza ilikotoka. Madereva wa malori waliacha watu wakishangaa, kwa sababu kipindi chenyewe kilikuwa kizuri ila hakikuwa na uhusiano wowote na historia.

Hasira ya kweli ilikuja na Ancient Aliens, iliyokuwa mfululizo kamili kuanzia mwaka 2010 na ambayo hudokeza kwamba majengo makubwa ya kale yalitokana na msaada wa viumbe kutoka sayari nyingine. Wanaakiolojia waliipinga kwa ushahidi. Mimi naipinga pia kwa sababu ya heshima: kusema kwamba watu wa kale wa Misri au wa Andes hawangeweza kuchonga, kupima na kuinua mawe bila wageni wa angani ni kuwanyang'anya kazi ya mikono yao, na kufanya hivyo chini ya jina la historia ni kuutumia uaminifu uliojengwa na makala za miaka iliyotangulia. Hapo chaneli ilikuwa imevuka kutoka kubadilisha ladha na kuingia katika kupotosha.

Mstari huo ulivukwa kwa namna ya wazi zaidi na chaneli za wanyama na sayansi. Mwaka 2012 Animal Planet ilionyesha Mermaids: The Body Found, simulizi ya kubuni kuhusu nguva, yaani viumbe wa hadithini walio nusu mtu na nusu samaki, iliyotengenezwa kwa sura ya makala ya kisayansi, na waigizaji wakijifanya watafiti. Watu wengi waliamini, hadi shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia bahari na anga, NOAA, likatoa maelezo kwamba hakuna ushahidi wowote uliowahi kupatikana wa viumbe wa aina hiyo. Mwezi Agosti 2013 Discovery ilifungua wiki yake maarufu ya papa kwa makala bandia iliyodai kwamba megalodoni, papa mkubwa aliyetoweka mamilioni ya miaka iliyopita, huenda bado yuko hai. Onyo la kwamba mambo hayo yalikuwa ya kuigiza lilipita haraka kwenye skrini. Watazamaji walikasirika, na wanabiolojia wa bahari pamoja nao, na safari hii kelele zilizaa matunda: mwezi Januari 2015 mkuu mpya wa Discovery, Rich Ross, alisema hadharani kwamba vipindi vya namna hiyo havitakuwa na nafasi tena katika chaneli yake.

Syfy nayo inastahili neno. Ilizinduliwa mwaka 1992 kwa ajili ya hadithi za kubuni za kisayansi, ikaleta mieleka mwaka 2006, na tarehe 7 Julai 2009 ikabadilisha tahajia ya jina lake kutoka Sci Fi kuwa Syfy ili kupata alama ya biashara inayoweza kumilikiwa. Mashabiki waliikejeli tahajia hiyo mpya, nami nadhani walikuwa na haki kuhusu mieleka kuliko kuhusu jina. Chaneli inayobadilika na kubadilisha jina angalau inampa mtazamaji taarifa. The Nashville Network, iliyoanzishwa mwaka 1983 kwa ajili ya utamaduni wa muziki wa kantri, ilikuja kuwa Spike TV mwaka 2003, na ingawa wapenzi wa kantri walipoteza chaneli yao, hakuna aliyeifungua Spike akitarajia banjo.

Wanaosema kwamba watazamaji hupinga kila kipya husahau AMC. Ilianza mwaka 1984 kwa filamu za zamani zilizoonyeshwa bila kukatizwa, kisha ikaingiza matangazo ya biashara katikati ya filamu, na baadaye ikaleta tamthilia zake: Mad Men mwaka 2007, Breaking Bad mwaka 2008, na The Walking Dead mwaka 2010. Sifa zilimiminika. Lakini ukisikiliza vizuri, waliosifu na walioumia hawakuwa watu wale wale. Wapenzi wa filamu za kale walikuwa wamekwisha kuhamia Turner Classic Movies, iliyoanza mwaka 1994, ambako walizikuta filamu zao nzima. Ubora wa kitu kipya uliwanyamazisha wakosoaji kwa sababu waliopoteza walikuwa na pa kwenda, jambo ambalo mpenzi wa sanaa za jukwaani au wa makala za historia hakulipata kwenye kebo.

Kesi ninayoiona kuwa na funzo la vitendo ni ya The Weather Channel, iliyoanza mwaka 1982. Mtu huifungua kwa sababu anataka kujua kama dhoruba inakuja kwake, na kwa miaka kadhaa watazamaji walilalamika kwamba walikuta vipindi vya uhalisia, yaani vinavyofuata maisha ya watu halisi, mahali pa utabiri. Mwezi Januari 2014 kampuni ya satelaiti ya DirecTV iliiondoa katika mzozo wa ada, ikitaja malalamiko hayo ya wateja kuwa mojawapo ya sababu. Chaneli ilirudi mwezi Aprili mwaka huo, na katika makubaliano ilikubali kupunguza kwa nusu vipindi vya uhalisia katika siku za kazi. Bila shaka DirecTV ilikuwa ikitetea fedha zake kwanza. Hata hivyo ilipata kwa miezi mitatu kile ambacho watazamaji hawakukipata kwa miaka, kwa sababu yenyewe ndiyo ilishika ile ada ya kila nyumba. Anayetaka kuandika barua ya malalamiko leo afadhali aielekeze kwa kampuni inayomtumia ankara, aitaje chaneli kwa jina, aeleze alichoahidiwa na anachokiona, na aseme waziwazi kwamba atakatisha huduma mkataba utakapoisha.